Chombo chako cha kwanza mtandaoni: piga kwanza hesabu ya Jumamosi moja

Kijana wa miaka 15 aliyenogewa na kompyuta akiamua kuanzisha chombo cha habari mtandaoni, mara nyingi huanza na nembo. Wiki mbili zinaishia kwenye rangi. Jina lazima liwe na "Media" au "TV" mwishoni. Kurasa tano zinafunguliwa usiku mmoja, halafu habari ya kwanza inatoka mwezi unaofuata na ya pili haitoki kabisa. Ukimuuliza atakwambia bando liliisha, au mashine ilikuwa inaganda. Ni kweli. Ila bando liliisha kwa sababu toleo moja halikuwahi kupigiwa hesabu: linakula megabaiti ngapi, saa ngapi, na je, unaweza kulirudia wiki ijayo na ijayo tena, katikati ya muhula?

Basi tuipige hapa. Mfano ni mechi za mchangani, ndondo za Jumamosi jioni, kwa sababu karibu kila kata inazo, watu wanajaa mpaka juu ya miti, na Jumapili asubuhi hakuna mahali pa kusoma nani alifunga. Kama wewe, mdogo wangu, unapenda zaidi kwaya au bei za sokoni, badilisha jina tu. Hesabu ni ileile.

Mashine

Usinunue mpya. Mitumba ya maofisini, HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, imejaa Kariakoo, na Luthuli Avenue kule Nairobi utaikuta kwa jina la "ex-UK". Shabaha yako iwe prosesa ya Core i5 kizazi cha 6 kwenda juu, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile isiyozunguka, ya GB 240 au 256. Kizazi kinasomeka kwenye namba: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni ya kizazi cha 6 na ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4, kwa hiyo ukiikuta na GB 4 unaongeza kipande kingine siku pesa ikipatikana. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi; hapo GB ulizonunua nazo ndizo utakazozikwa nazo. Muuzaji akisisitiza kwamba diski kubwa ya TB 1 ni bora kuliko SSD ndogo, mshukuru na usogee duka la pili. Diski ya kuzunguka ndiyo inayofanya mashine ichukue dakika tatu kuwaka.

Kuikagua pale mezani kunachukua robo saa. Iwashwe kwa betri, chaja ikiwa pembeni. Mara tu inapowaka bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa Lenovo ili uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikudai nenosiri, iache hapohapo, maana imefungwa na ofisi iliyokuwa nayo na hakuna punguzo la bei litakaloifungua. Ndani ya Windows fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike:

powercfg /batteryreport

Inatoa faili ambalo unalifungua kwa kivinjari. Linganisha mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Kama ya pili haifiki nusu ya ya kwanza, hiyo betri ni ya kuhama nayo kutoka soketi hii kwenda ile, basi. Itumie kushusha bei. Kisha fungua Notepad na ugonge kila kitufe kimoja kimoja. Vinavyokufa kwanza mara nyingi ni A, E na kile kirefu cha nafasi. Shika kona moja ya kioo ufungue taratibu huku ukiangalia bawaba. Plastiki ikichanuka, skrubu za ndani zimeng'oka. Mwisho chomeka chaja uone mshale wa kwenye kioo. Ukianza kurukaruka peke yake chaja ikiwa imechomekwa na kutulia ikichomolewa, huenda chaja ni bandia. Kwa Dell kuna la ziada: isipoitambua chaja, haichaji betri na inapunguza kasi ya prosesa makusudi, na mwenye mashine anabaki kulaumu virusi.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8. Kwa hiyo mwenye kizazi cha 6 au cha 7 aweke Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Faili lake lina karibu GB 3, lipakue penye waifai ya bure, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, na kabla ya kufuta chochote uiwashe mashine kutoka kwenye flashi uone kama waifai, sauti na kamera vinafanya kazi. GIMP ya picha, Audacity ya sauti, Kdenlive ya video na LibreOffice zote ni za bure.

Hapa nina msimamo mkali. Programu za kuhariri zilizovunjwa kufuli, zile za kugawiana kwenye flashi, ndizo mlango mkubwa wa wizi wa chaneli. Mwizi hahitaji hata nenosiri lako. Programu inanakili vidakuzi vya kivinjari, yaani ile alama inayoieleza Google kwamba tayari umeingia, na kwa hiyo hata uthibitisho wa hatua mbili hauulizwi. Asubuhi unakuta chaneli ina jina la watu wa sarafu za mtandaoni.

Jumamosi uwanjani

Fika nusu saa kabla. Kazi ya kwanza si picha, ni majina. Mwone katibu au nahodha wa kila timu, chukua namba ya jezi, jina la kwenye cheti na jina la uwanjani. Mchangani "Messi" huwa wawili, na jezi za kuazima huleta namba 10 mbili kwenye timu moja, kwa hiyo andika pia alama ya kumtambua: viatu vya njano, nywele, upande anaochezea. Mwulize mwamuzi kipindi ni dakika ngapi. Mechi iliyochelewa kuanza mara nyingi hukatwa ili giza lisiwakute. Washa saa ya kuhesabu ya simu filimbi ikilia, usitegemee saa ya ukutani. Gawa ukurasa wa daftari katikati, timu moja kila upande, na kila tukio liandikwe kwa dakika, namba ya jezi na neno moja: kichwa, penalti, kona, kadi. Wakati wa mapumziko nakili upya kwa mwandiko unaosomeka. Filimbi ya mwisho ikilia, nenda kwa mwamuzi uhakikishe matokeo na kadi. Usiulize mashabiki. Mashabiki wa timu iliyofungwa 3-1 watakwambia 3-2, na wataapa.

Jua la jioni liko magharibi, basi simama kwenye mstari wa magharibi ukilipa mgongo, nyuso zitoke zenye mwanga. Usivute karibu kwa vidole. Sogea kwa miguu. Kwa mahojiano weka simu kwenye hali ya ndege, kwani simu ikipigwa katikati rekodi nyingi hukatika, na zipo zinazopotea zote. Ishike kama sentimita 20 kutoka mdomoni, upepo ukuangukie mgongoni, rekodi sekunde 10 za majaribio na uzisikilize kabla ya kuanza. Dakika mbili za kocha aliyeshinda na moja ya aliyeshindwa zinatosha kabisa.

Na uondoke karibu na spika za muziki. Wimbo unaosikika nyuma ya video unatosha kuifanya YouTube iitambue na kumpa mwenye wimbo mapato yake, au kuizuia kabisa. Dai la aina hiyo si onyo. Onyo la hakimiliki ndilo la kuogopa: matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaondolewa.

Megabaiti

Picha moja ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa kama MB 4. Kumi ni MB 40 kwako wewe unayepakia, na zaidi ya hapo ni bando la kila msomaji atakayefungua ukurasa. Watafungua mara moja na hawatarudi. Upana wa pikseli 1200 kwa ubora wa 75 unakupa picha ya kilobaiti 150 hivi ambayo kwenye kioo cha simu hakuna atakayeitofautisha. Zile kumi sasa ni MB 1.5. Usizipunguze moja moja. Nakili picha zote kwenye folda mpya, weka ImageMagick, programu ya bure ya kubadilisha picha kwa amri, ingia kwenye folda hiyo kwa Terminal, dirisha la amri la Linux, na uandike:

mogrify -auto-orient -strip -resize 1200x -quality 75 *.jpg

Hapa pana mitego mitatu. Mogrify inaandika juu ya picha ileile, ndiyo maana nimesema unakili kwanza. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo picha zinazoishia na .JPG zitarukwa bila neno lolote. Na -auto-orient lazima itangulie -strip: simu mara nyingi haiigeuzi picha yenyewe, inaandika tu pembeni kwamba "nigeuze", na -strip inafuta maandishi hayo ya pembeni, kisha nahodha anatokea amelala ubavu. Ila -strip usiiache. Ndiyo inayofuta mahali picha ilipopigwa, na picha uliyopiga kibarazani inaweza kubeba ramani ya kwenu.

Sauti ya mazungumzo haihitaji zaidi ya MP3 ya kbps 64, chaneli moja. Hiyo ni kilobaiti 480 kwa dakika, kwa hiyo mahojiano ya dakika tatu hayafiki hata MB 1.5. Video ndiyo mlafi. Kwa ubora wa 1080p simu inaweza kula MB 130 kwa dakika moja. Piga kwa 720p, kata goli moja la sekunde 40, lipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubana video, kwa Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) na utapata kama MB 10.

Jumla: picha MB 1.5, sauti 1.5, video 10, na kurasa za kuhariri zenyewe MB kadhaa. Weka 25. Sasa linganisha na kurusha moja kwa moja. Mechi ya saa moja na dakika 45 pamoja na mapumziko, kwa Mbps 2.5, ni karibu GB 2, juu ya mtandao wa simu ambao uwanja mzima unaugombea. Picha itakatika dakika ya goli. Isitoshe, tangu Julai 2025 YouTube hairuhusu aliye chini ya miaka 16 kurusha moja kwa moja peke yake. Wiki 80 za matoleo ya MB 25 ndiyo gharama ya mechi moja ya "live", na hiyo ndiyo hesabu ambayo haikupigwa na wale wenye nembo nzuri.

Saa je? Uwanjani saa mbili hivi, kuandika saa moja, picha na video nusu saa, kupakia na kusambaza nusu saa. Nne. Kama hupati saa nne kila wiki, toa toleo kila baada ya wiki mbili na useme hivyo mapema.

Habari yenyewe isizidi maneno 300. Sentensi ya kwanza ibebe nani, matokeo, wapi na lini. Kichwa kama "Bodaboda yaichapa Soko 3-1, mawili kwa kichwa" kinasomeka hata na asiyefungua; "HATARI! Kilichotokea uwanjani leo" kitafunguliwa mara mbili, mara ya tatu watu wamekujua.

Anwani

Wengi wananunua hosti, yaani nafasi ya kulipia ya kuweka tovuti, kwanza kwa sababu mwaka wa kwanza una punguzo. Mwaka wa pili bei huweza kupanda mara mbili au zaidi, na tovuti inazimika. Mimi ningeanza na Blogger, huduma ya blogu ya Google, ambayo ni ya bure na haizimiki kwa kukosa ada. Blogu ya mpigapicha Issa Michuzi ilianza 2005 kwenye anwani ya bure ya blogspot na ikasomwa na Watanzania wa ndani na nje kwa miaka, kwa hiyo usione aibu.

Kitu cha kununua mapema ni jina tu, domeni. Ukiwa na jina lako, siku utakayohamia huduma nyingine kama WordPress viungo vyako vya zamani vinaweza kubaki hai ukiweka muundo uleule wa anwani. Za .tz na za .ke unazinunua kwa mawakala wa domeni. Kuiunganisha na Blogger, nenda kwenye mipangilio, andika domeni ikianza na www, nawe utapewa rekodi mbili za CNAME: moja ni www kwenda ghs.google.com, nyingine ni msururu wa herufi za kuthibitisha kwamba domeni ni yako. Zinakiliwe zote mbili kwenye ukurasa wa DNS wa wakala, pale domeni inapoambiwa ielekee wapi, halafu usubiri. Inaweza kuchukua mpaka siku moja. Kosa la kawaida ni kusahau kuwasha kitufe cha kuelekeza anwani isiyo na www. Msomaji anaandika jina kavu, anakuta ukurasa mweupe, na wewe kwenye simu yako unaona kila kitu kiko sawa.

Wasomaji lakini wako WhatsApp. Fungua chaneli badala ya kundi, maana kwenye kundi kila mtu anaona namba yako na ya kila mwanachama, na wewe bado ni mtoto kisheria. Ukibandika kiungo na picha ndogo isitokee, mara nyingi picha ya kwanza ya habari ni nzito mno. Iwe chini ya kilobaiti 300.

Umri, sheria, na hela

Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, leseni ikitajwa kugharimu zaidi ya shilingi milioni 2. Ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Anayechapisha habari na matukio anapaswa kuwa na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mtoto hawezi kuichukua. Soma kanuni za sasa na ada zake pamoja na mzazi kabla hujajiita chombo cha habari. Njia nyepesi, na kwa maoni yangu nzuri zaidi kwa mwaka wa kwanza, ni kupeleka ripoti zako kwa redio ya jamii au chombo chenye leseni kilicho karibu. Unajifunza kuhaririwa, na kuhaririwa kunauma vizuri. Ujue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kuchapisha taarifa za uongo. Mechi ikiisha kwa ngumi, andika ulichokiona kwa macho, na jina la mtu usiliunganishe na kosa ambalo hujalithibitisha. Mchezaji mtoto hapigwi picha ya karibu bila mzazi wake au kocha kukubali.

AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, inataka miaka 18, hivyo akaunti itakuwa ya mzazi na hela zitakuwa zake. Ukifikisha dola 10 wanatuma PIN, namba ya kuthibitisha anwani, kwa posta, kwa hiyo sanduku la posta lililoandikwa liwe ni lile mnalolifungua kweli. Malipo hayatoki mpaka dola 100. Mechi za kata hazitakufikisha huko haraka. Anayeweza kukulipa leo ni mshona jezi, muuza viatu vya michezo, mwenye banda la kuonyesha mpira: bei ya mwezi, risiti ya mkono, na neno "Tangazo" juu kabisa. Matangazo ya kubeti yakataeni, wewe na mzazi, hata yakija na hela nzuri. Mwenye miaka 15 haruhusiwi kubeti, atamtangazia nani?

Funguo

Domeni ikinunuliwa na fundi kwa akaunti yake, ni ya fundi. Siku mkigombana, au akihama mji, au akisahau tu kulipia, unaanza upya na jina jingine. Akaunti ya wakala ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya mzazi, na tarehe ya kuisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu onyo la barua pepe huangukia kwenye barua taka. Domeni ya .com iliyopitwa kawaida hupewa muda mfupi wa kulipia kwa bei ya kawaida, kisha siku 30 ambazo kuikomboa kunagharimu mara nyingi zaidi, kisha inaachiwa yeyote aichukue.

Anayesoma bweni ana tatizo lake. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na laini ikikaa kimya miezi kadhaa hufungwa na namba ikauzwa upya. Mwenye namba hiyo mpya ndiye atakayepokea ujumbe wa kubadilisha nenosiri lako. Kabla ya kurudi shule ingia kwenye mipangilio ya usalama ya Google, weka programu ya kutoa namba za kuthibitisha badala ya ujumbe mfupi, kisha toa zile namba 10 za akiba zenye tarakimu nane, uziandike kwa kalamu kwenye karatasi, zikae kwenye bahasha pamoja na vyeti. Laini mwachie mama, aiweke kwenye simu yake nafasi ya pili na aipigie vocha kidogo kila mwezi. Ripoti za likizo ziandike mapema na uzipangie tarehe kwenye Blogger. Zitatoka zenyewe Jumapili saa moja asubuhi, wewe ukiwa kwenye foleni ya uji.